Nzi wa Mama Nyandwi

Mabuu wetu walikuwa wanaua watu. Daktari Nsiande alinieleza hivyo asubuhi, mlangoni mwa nyumba ya nzi, kabla hata hajagusa chai niliyomwekea.

"Si wote wanaokufa," alisema. "Lakini kila kidonda kilichopona kikaoza upya hapa Chumvini, kimeoza kwa mabuu wa hapa. Nimepima vidonda saba. Bakteria ni yule yule."

Nilimwambia arudie. Akarudia vile vile, polepole, kama mtu anayesoma hukumu ambayo na yeye haipendi.

Mimi ndiye mtunza nzi wa Chumvini. Shule niliiacha darasa la sita, mama alipohitaji mikono ya kumsaidia, na sijawahi kuijutia. Pacha wangu Bukuru aliiacha mwaka ule ule akaenda mabwawani kuvuna chumvi. Alinitangulia kuzaliwa kwa muda wa kuchemsha uji, na kwa uji huo akajipa ukubwa wa maisha yote. Siku ile Daktari anazungumza nami, Bukuru alikuwa amelala chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa mfuko wa kitambaa chembamba, na ndani ya mfuko mabuu wetu walikuwa wanakula.

"We Mdogo," aliita. "Anasemaje huyo binti?"

"Anasema upumzike."

"Ametoka Dodoma kuja kusema hivyo? Mbona hata mke wangu aliyenikimbia alikuwa anasema."

Daktari alicheka kidogo, akaacha. Akachukua chai yake, akakaa kwenye kizingiti. Nyuma yangu masanduku yalikuwa yanavuma kama kawaida. Nimeisikia sauti ile tangu utoto. Mgeni anasikia nzi. Mimi nilikuwa nasikia nyumba yetu.

* * *

Dawa ziligoma nikiwa mtoto. Sikumbuki siku yenyewe, maana haikuwa siku moja. Nakumbuka zahanati imejaa vidonge, na muuguzi anawapa watu vidonge, na watu wanakufa kwa msumari, kwa jino, kwa kujikata na jembe. Kumpa mgonjwa vidonge ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Kwingine waliumia, lakini sisi wa Chumvini tuliumia zaidi. Chuma cha mashine hakidumu kwenye maji yetu, kinaliwa, kwa hiyo mpaka leo chumvi huvunwa na watu wanaosimama humo peku tangu asubuhi. Chumvi inaingia nyamani. Mguu wa mvunaji ukipasuka haufungi upesi.

Marehemu mama yangu, Nyandwi, alikuwa akichemsha chumvi. Wakati huo kulikuwa bado na nyumba ya kuchemshia, yenye vyungu vipana na moshi unaokaa kwenye nguo hadi Krismasi. Siku moja mama akiwa zahanati, akaletwa mvunaji aliyekuwa amepotea porini na mguu uliochanika, na mguu wenyewe unatambaa mabuu. Muuguzi akataka kuwaosha. Mama akasema ngoja. Alichokigundua ni kwamba mguu ule haukuwa unanuka. Zahanati nzima ilikuwa inanuka, isipokuwa mguu ule.

Sasa kila mtoto anajua kwa nini. Buu hana meno. Anatema mate juu ya nyama iliyokufa, mate yanaiyeyusha, halafu anafyonza mchuzi wake. Nyama hai haigusi. Mate hayo hayo yanaua bakteria, yanapasua ule utando wa telezi wanaojifunikia, na yanakipa kidonda ukali kama wa magadi, ambao bakteria wengi hawauwezi. Mama hakuyajua hayo. Alijua kunusa.

Mama aliwachukua mabuu wale akawafuga. Serikali ilipoanza kusambaza mabuu wa kwake, ilileta na utaratibu. Mayai ya nzi huoshwa kwa dawa ili buu azaliwe safi. Buu akishashiba kidondani anatolewa, anachomwa. Kila mgonjwa na mabuu wapya. Lakini mabuu wa serikali walikufa miguuni mwetu kwa sababu ya chumvi. Wa mama hawakufa. Na wa mama hakuna aliyewachoma.

"Mtu akikulimia shamba," alikuwa akisema, "jioni unamchoma?"

Ndivyo ulivyoanza utaratibu wetu tuliouita kurudisha. Mabuu walioshiba tuliwarudisha kwenye mchanga, wakajikunja wakawa punje za kahawia, punje zikatoa nzi, nzi wakataga mayai, na mabuu wa mayai hayo wakaenda kwa mgonjwa mwingine. Kila sanduku lilipewa jina la mtu wa mwisho kuponywa. Jumapili baada ya misa watu waliopona walikuja na vipande vya maini kulisha masanduku yao. Walisema wanakwenda kuwaona wajukuu. Ua letu lilijaa. Mama alikaa kwenye kigoda, kanga ya pili begani, akiwatania. "Wajukuu zako wavivu, Zabron, wanalala hadi saa nne." Na Zabron anajibu wamemfuata babu yao. Watu walivua viatu kuonyeshana makovu. Watoto walilala kwenye mikeka chini ya masanduku kwa sababu mvumo ule ulileta usingizi. Mimi na Bukuru tuligombania nafasi ya ukutani, na aliyeipata ni yeye kila mara.

Ukiniuliza maisha yangu yalikuwa mazuri lini, nitakwambia Jumapili zile.

* * *

"Tatizo ni kurudisha," Daktari Nsiande alisema.

Alikuwa ameweka pua yake juu ya meza. Ndivyo watu wanavyokiita kile chombo, pua. Kinatosha kiganjani, unakisogeza kwenye kidonda, kinanusa na kukutajia bakteria waliomo. Alinionyesha kwenye kioo chake mistari ya rangi. Mstari mmoja mwekundu ulikuwa kwenye kila kidonda.

"Mate ya mabuu yaliua bakteria karibu wote," alisema. "Mmoja hakufa. Akamezwa, akakaa tumboni mwa buu. Kama buu huyo angechomwa, hadithi ingeishia hapo. Nyie mkamrudisha. Akarudi kwa mgonjwa mwingine, akaonja mate tena, akazidi kuzoea. Zaidi ya miaka arobaini, mzee wangu. Mmemsomesha."

"Hatukumsomesha kwa kusudi."

"Najua. Na mabuu wenu wamesaidia watu wengi kuliko wa kwetu. Hilo nimeliandika pia."

Nilimpenda kwa kusema hivyo, na nikamchukia kwa kuwa alikuwa sahihi. Nilijua kitu anachokisema. Nilikuwa nimeanza kukiona tangu mwaka uliopita: mguu unasafishika, unakuwa mwekundu mzuri kama nyama ya tikiti maji, mtu anakwenda nyumbani, halafu anarudi anachechemea na harufu inamtangulia. Yozefina, mke wa Kasase, alirudi hivyo mara tatu. Mara ya nne alibebwa, tukamzika.

Nikamuuliza kama mayai yanaweza kuoshwa. Mabuu wetu wanaivumilia chumvi. Tukiosha mayai kwa dawa yake, tutapata mabuu wanaovumilia chumvi na ambao ni safi. Akasema ndilo jambo la kwanza alilowaza, ndiyo maana amekuja na dawa.

Tulifanya kazi ile pamoja kwenye meza yangu. Mayai ya nzi ni madogo, meupe, yameshikana kama wali ulioganda. Aliyaosha, akayasuuza, akaniacha niyaweke kwenye maini yaliyochemshwa. Kwa siku zile za kungoja alikula kwetu. Bukuru alimfundisha kula dagaa kwa ugali wa muhogo, akamwambia hajawahi kuona daktari anayekula kama mvunaji. Aliniambia pembeni, "Huyu binti akitutoa kwenye hili, mwite Jumapili, tutampa sanduku lenye jina lake."

Mabuu walipotoka kwenye mayai Daktari akasogeza pua. Sote wawili tulikuwa tumeinama. Mstari mwekundu ukatokea, mwembamba, halafu ukakolea.

Akarudia na kundi jingine. Ukatokea.

"Yumo ndani ya yai," alisema. "Si juu ya ganda. Ndani." Akavua glavu. "Basi."

* * *

Alinieleza yaliyobaki kwa ufupi, na mimi nitayaeleza hivyo hivyo. Ukoo mzima wa nzi ilibidi uchomwe, pamoja na mchanga na masanduku. Bakteria yule asingeweza kuishi kwenye vumbi au majini. Makazi yake ni nzi wetu na vidonda wanavyovila. Vidonda vyenye ugonjwa vikatwe vyote, nzi wafe wote, naye amekwisha. Abaki nzi mmoja jike, tumerudi pale pale.

"Mimi sina ruhusa ya kuwachoma," alisema. "Sheria inampa mtunza. Naweza kusema Chumvini ifungwe, treni ya chumvi isisimame, mbaki humu na ugonjwa wenu. Sitaki kusema hivyo."

"Na Bukuru?"

"Mguu wake unashikiliwa na kitu kile kile kinachouozesha. Mabuu wanakula uozo wa leo, bakteria anatengeneza wa kesho. Ukiendelea kumwekea, anaweza kukaa hivyo miaka, hapati nafuu na hazidiwi. Ukiacha, uozo utapanda. Lazima mguu ukatwe juu ya goti, uozo ungali chini."

"Mabuu wako wasafi?"

"Watakufa. Mguu wake una chumvi ya miaka arobaini. Ungehitaji kukaa nje ya maji miezi miwili ndipo wavumilie. Bila mabuu wenu hana miezi miwili, na hata angekuwa nayo, bakteria huyu ameshazoea mate ya mabuu wote."

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Alinisikiliza akiangalia dari. Nilipomaliza alisema, "Sanduku moja."

"Bukuru."

"Sanduku moja tu, Mdogo. Lile la kwanza la mama, la mninga. Lipeleke nyumba ya kuchemshia, paa limeanguka, hakuna anayeingia huko. Choma mengine yote, mwonyeshe binti majivu, aende zake. Utaniwekea mabuu mwenyewe, utawachoma wakishashiba. Hakuna kurudisha. Nani ataumia?"

"Wale wengine sita wanakatwa."

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Basi wana roho za kukatwa. Mimi sina." Akanigeukia. "Mimi nikisimama bwawani najua chumvi imekaa vipi chini kwa unyayo tu. Sitazami. Vijana wananiuliza, Baba tuanzie wapi, nasema anzieni hapa. Ukinikalisha kwenye kiti mlangoni, nitakuwa nani? Kuku?"

Aliona nimeyumba. Tumelala tumbo moja, hawezi kukosa kuona.

Kesho yake nililitoa sanduku la mama kwenye rafu. Mninga wake umekuwa mweusi kwa mikono. Chandarua kilishabadilishwa mara nyingi, lakini misumari ni ile ile aliyoipiga yeye, imepinda, maana hakuwa seremala. Nililifunika kwa kanga yake nikaliweka begani. Nilikuwa nimeamua. Nisidanganye hapo: nilikuwa nimeamua kulificha, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Mlangoni nikakutana na Kasase.

* * *

Kasase ni mtu mpole, mfupi, anayezungumza na miguu yako. Mkononi alikuwa na kipande cha ini kwenye jani la mgomba.

"Nimesikia mnachoma," alisema. "Nimekuja kuwaaga wa Yozefina."

"Tumefunga, Kasase. Daktari amekataza."

"Kidogo tu, ndugu yangu. Wao ndio wa mwisho kula kwake. Mimi nyumbani sina hata picha nzuri. Kuna ile ya kitambulisho, amefumba jicho."

Niliweka sanduku la mama chini nikamwingiza. Ungefanya nini? Sanduku la Yozefina lilikuwa la tatu kutoka dirishani. Akasimama mbele yake muda mrefu. Halafu akafungua kijidirisha cha chandarua, kama alivyofanya Jumapili zote, akaingiza mkono na ini lake.

Kwenye kidole gumba alikuwa na mkato mpya. Mdogo. Chumvi huwakata wote hivyo, huwezi kumpata mvunaji asiye nao. Nzi mmoja wa kijani aliacha ini. Akatua juu ya mkato, akasugua miguu yake ya mbele, akaanza kunywa. Kasase hakumfukuza. Alimtazama, akatabasamu.

"Huyu ananijua," alisema.

Nikautoa mkono wake kwa nguvu nikampeleka moja kwa moja kwa Daktari. Alisogeza pua, akapima, akapaka dawa yake ya kuchoma, akakata kipande cha nyama pale pale. Kasase aliniuliza kwa nini nimemfanyia hivyo mbele ya wa Yozefina.

Nilirudi nikakaa kwenye kizingiti karibu na sanduku la mama. Nililiona jambo lenyewe kwa urahisi sana. Nyumba ya kuchemshia haina mlango, lakini hata ingekuwa na mlango wa chuma, watu wangekuja. Siku moja Bukuru angemwambia mtu mmoja, kwa mapenzi tu, kwamba wapo wachache wamebaki. Na Kasase angekuja na ini. Zabron angekuja na fimbo yake. Wangeingiza mikono. Hatukuwazoesha watu wa Chumvini kuwaogopa nzi wale. Mama aliwafundisha kuwa ni ndugu, na walikuwa wameelewa somo.

Nilikwenda kwa Bukuru nikamwambia sanduku linachomwa na mengine.

Hakupiga kelele. Alisema, "Kwetu mapacha hugawiwa sawa. Mmoja akipewa kuku, mwingine anapewa kuku. Mama hakuvunja hilo hata siku moja, hata wakati hatuna kuku."

"Najua."

"Basi ukiukata wangu, na wako utaukata?"

Nilisimama pale na miguu yangu miwili.

"Nivue huo mfuko," akasema. "Kama unafanya, anza wewe. Asije binti wa watu akaanza."

Nikaufungua mfuko. Mabuu walikuwa wameshiba, weupe, wanene. Chini yao nyama ilikuwa nyekundu na safi, nzuri kuitazama. Kama ningekuwa sijaona ile pua ningesema mtu amepona.

* * *

Tulichoma mchana, uani, pale ilipokuwa mikeka. Daktari Nsiande alisaidia kubeba. Nzi tuliwapulizia moshi kwanza ili walale, halafu tukamwaga mafuta ya taa. Watu walikuja wakasimama nje ya ua bila kuitwa, wengine na nguo za misa ingawa ilikuwa Jumatano. Sanduku la mama lilikuwa la mwisho kushika moto kwa sababu mninga ni mgumu. Nilipoingia ndani baadaye kufagia, nyumba ilikuwa kimya, na mimi nilitoka haraka kama niliyeingia kwa watu nisiowajua.

Bukuru alikatwa siku hiyo hiyo, chini ya ganzi, mimi nikimshika mabega. Alinitazama muda wote.

Yapata miaka minne sasa. Daktari huja kila kiangazi na pua yake, anazunguka nyumba kwa nyumba, na ule mstari mwekundu haujatokea tena. Tunatumia mabuu wasafi wanaoletwa kwa kindege kisicho na rubani kutoka Dodoma, wanashuka kwenye paketi kama vifungo vya shati. Mwenye kidonda lazima kwanza akae nje ya maji hadi chumvi itoke nyamani, na vidonda vingine havingoji. Nyumba ya nzi wanaweka viti vya shule humo.

Gharama yake ni hii. Miguu saba, mitano juu ya goti na miwili chini. Ncha ya kidole gumba cha Kasase. Tangu wakati huo, miguu mingine minne ya watu ambao mabuu wa mama wangeiponya, na mmoja kati yao, kijana wa Zabron, hakuamka. Masanduku kumi na tisa na kila jina lililokuwa juu yake. Bukuru yuko Kasulu kwa binti yake, anashona viatu. Yu hai, ana afya, nasikia amenenepa. Nimekwenda mara tatu. Mara zote binti yake ndiye aliyetoka nje, akanisalimia vizuri, akanipa maji ya kunywa, akaniambia baba amelala.